Sandarusi Yetu Ilikwenda Wapi?

Asubuhi yo yote, msomaji akisimama kando ya Barabara ya Kilwa pale Mbagala, ataona pikipiki zikiingia mjini zimepakia mkaa, magunia mawili au matatu kila moja, hata mgongo wa dereva hauonekani. Magunia hayo si ya katani kama ya zamani. Ni ya plastiki iliyofumwa, na watu wote, muuzaji na mnunuzi, huyaita kwa jina moja tu: sandarusi. Mama lishe asema, "Nishushie sandarusi moja," wala hapana anayemwuliza maana yake. Na ukimwuliza kijana wa Temeke au wa Kinondoni sandarusi ni kitu gani, atakunyoshea kidole gunia.

Hatumlaumu kijana huyo. Lugha ni mali ya wanaoisema, na maneno huhama kama watu wanavyohama. Lakini twaona si vema jina hili lipite hivi hivi bila wananchi kujua lilikotoka, maana lina habari kubwa ndani yake, na habari hiyo ni ya ardhi hii hii tunayoikalia, tunayochimba misingi ya nyumba na mashimo ya vyoo kila siku. Ni habari ya mali iliyotolewa udongoni kwa mikono ya wenyeji wa viunga vya mji huu, ikavuka bahari, ikawatajirisha watu wa mbali, kisha ikasahauliwa huku na huko.

Sandarusi, kwa maana waliyoijua wazee wetu, ni utomvu wa mti uliokauka ukawa mgumu kama kioo. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu. Mti huitwa msandarusi, nao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa. Huota katika misitu ya pwani yetu, na Unguja, na katika kisiwa kikubwa ambacho babu zetu walikiita Bukini na sisi leo twakiita Madagaska. Gome la mti likijeruhiwa, hutoka utomvu, nao hudondoka chini ukafukiwa na majani na mchanga. Miaka hupita. Mti hufa, msitu hugeuka mbuga au shamba la mihogo, lakini ule utomvu hauozi. Hubaki chini ya udongo mwekundu wenye mchanga, kadiri ya futi chache tu, ukizidi kuwa mgumu. Ndiyo maana sandarusi iliyo bora ilipatikana mahali ambapo hapakuwa tena na msandarusi hata mmoja.

Hapa inatupasa kutenganisha vitu viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Watu husema "gundi ya miti" wakafikiri yote ni moja. Sivyo. Gundi inayotoka katika migunga huyeyuka majini, na kwa hiyo yaweza kuliwa, kunywewa na kubandikia karatasi. Sandarusi haiyeyuki majini kamwe. Yataka moto mkali na mafuta. Ya kwanza ni kitu cha jikoni na cha ofisi, ya pili ni kitu cha karakana. Tutairudia ile ya migunga baadaye, kwa kuwa nayo ina lake la kutufundisha.

Wafanyabiashara wa kale walijua aina mbili za sandarusi. Ile mbichi, iliyobanduliwa mtini au iliyokuwa haijalala sana ardhini, iliitwa chakazi. Ilikuwa laini, ikiacha alama ya ukucha, na bei yake ilikuwa ndogo. Waingereza na Wamarekani waliposikia neno hilo Unguja hawakulishika vizuri, wakalisikia kama neno lao wenyewe la kumtaja punda dume, na jina hilo la punda likaingia katika vitabu vya biashara, ambamo limo hata leo. Ile ya pili, iliyochimbwa, ndiyo sandarusi yenyewe. Ukiisha kuiondolea ganda la udongo, huonekana ina vipele vidogo vidogo mwili mzima, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vipele hivyo ndivyo vilivyokuwa muhuri wake. Mnunuzi wa London au wa Hamburg aliyeviona alijua kuwa ameshika utomvu mgumu kuliko karibu wote duniani, unaoshindwa na kaharabu peke yake.

Je, ilikuwa ya kazi gani? Ilikuwa ya kupikia vanishi. Sandarusi iliwekwa katika chungu cha shaba, ikapashwa moto hata ikayeyuka na kutoa moshi mwingi, ikamwagiwa mafuta ya kitani yaliyokwisha chemka, kisha ikazimuliwa kwa tapentaini. Ilikuwa kazi ya hatari, maana mara nyingi chungu kilishika moto, na viwanda vya namna hii viliungua. Lakini vanishi iliyopatikana ilikuwa ngumu, yenye kung'aa, isiyochubuka upesi wala kufifia kwa jua na mvua. Katika karne ya 19, wakati miji ya Ulaya na Marekani ilipojaa magari ya farasi, na reli zilipoanza kuhitaji mabehewa maelfu kwa maelfu, na kila mwenye nyumba ya heshima alipotaka kinanda na meza inayoakisi sura yake, vanishi hiyo ilitafutwa sana. Aliyepanda gari la tajiri katika mitaa ya Boston aliweka mkono wake juu ya utomvu wa Uzaramo, naye hakujua.

Tusiseme kwamba hakujua kwa kukosa akili. Biashara yenyewe ilificha asili yake. Kwa muda mrefu sandarusi ya pwani yetu ilipakiwa majahazini kwenda Bombay kwanza, na kutoka huko ikapelekwa Ulaya, hata wanunuzi wakaamini ni kitu cha Bara Hindi. Baadaye ikaitwa sandarusi ya Unguja, kwa kuwa ilitoka katika bandari ya Unguja, ingawa sehemu iliyo kubwa ilichimbwa Mrima. Jina la mwenye ghala ndilo lililoandikwa juu ya mzigo. La mchimbaji halikuandikwa po pote.

Wamarekani ndio waliokuja moja kwa moja. Mwaka 1833 walifanya mkataba na Seyyid Said, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja. Alitoka Salem, bandari ndogo iliyo kaskazini ya Boston. Merikebu za Salem zilileta nguo za pamba zilizofumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts, nazo zikapendwa sana bara hata zikaitwa kwa jina la kwao, merikani, jina ambalo mama zetu wanalo hadi leo. Zikirudi zilichukua pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Thamani ya sandarusi ilionekana katika mkataba mwingine, ule wa Seyyid Said na Waingereza wa mwaka 1839. Humo Sultani aliwafungulia Waingereza biashara, lakini akajiwekea yeye mwenyewe vitu viwili vitokavyo Mrima, upande wa Tanga hadi Kilwa, wasivishike: pembe za ndovu na sandarusi. Mtu hawekei kufuli kitu asichokithamini.

Sasa twaomba msomaji aangalie jambo moja la biashara hiyo, ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha habari nzima.

Sandarusi ilipochimbwa ilikuwa chafu. Ilikuwa na ganda la mchanga lililoshikana nayo, na ilibidi kuoshwa kwa maji ya magadi makali, kukaushwa, kusuguliwa kwa brashi na kuchaguliwa kwa daraja. Kazi hiyo ndiyo iliyopandisha bei. Kwa miaka mingi watu wa Salem waliifanya kwao. Walichukua sandarusi na uchafu wake, wakaisafirisha nusu ya dunia, na katika kiwanda cha mtu aliyeitwa Jonathan Whipple vibarua wa Kimarekani wakaiosha na kulipwa ujira. Kisha mwaka 1861 serikali ya Marekani ikaweka ushuru kwa kila ratili ya sandarusi isiyosafishwa iliyoingia nchini. Kulipia ushuru mchanga ni hasara. Basi kazi ya kuosha ikafungwa Salem ikahamia Unguja.

Hakuna mchimbaji wa Mbwamaji aliyeulizwa. Hakuna kibarua wa Salem aliyeulizwa. Mstari mmoja ulioandikwa Washington uliondoa ujira mahali pamoja ukauweka pengine, ng'ambo ya bahari mbili. Twasema haya kwa wafanyakazi hasa, kwa sababu wengi hudhani kwamba kazi hukaa pale palipo na mali ghafi, au pale palipo na watu hodari. Hukaa pale sheria ya ushuru inapoiweka. Sandarusi haikubadilika kitu mwaka ule, wala mikono ya watu haikubadilika.

Na wachimbaji je? Walikuwa Wazaramo na jirani zao wa pwani, watu huru katika vijiji vyao, waliochimba kwa jembe dogo na mikono. Hawakuchimba machimbo makubwa. Mtu alitoboa shimo jembamba, akapenyeza mkono hata bega, akatoa alichokigusa, akahamia shimo jingine. Alichopata alikipeleka bandari ndogo iliyo karibu, Kunduchi, Mbwamaji, Bagamoyo au Kilwa, akabadilishana na wachuuzi wa Kihindi na Kiswahili kwa nguo, shanga na vitu vya chuma. Ghalani mzigo ukapimwa kwa frasila, na frasila za wachuuzi wa wakati ule, kama ilivyo mizani ya wachuuzi wengine wa leo, zilikuwa na tabia zao.

Mwingereza Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857 akienda kutafuta maziwa makuu, aliandika kurasa nyingi juu ya sandarusi. Twamshukuru kwa habari alizohifadhi, lakini hakuficha dharau yake kwa wachimbaji. Aliona vishimo vyao vifupi akavihesabu kuwa uvivu na upotevu wa mali. Hakujiuliza kwa nini mtu mwenye shamba la mpunga na mihogo, anayepata nguo ya kumtosha kwa siku kadhaa za kuchimba, ajitaabishe kwenda chini futi ishirini ili bei ishuke Unguja. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyechapisha uchunguzi wake juu ya biashara hii mwaka 2007, ameliona jambo hili kwa jicho lingine: kwamba kwa muda mrefu wenyeji wa pwani walishika machimbo yao mikononi mwao, wakichimba wapendapo na kuacha wapendapo, na wafanyabiashara wakalazimika kuwangoja. Mgeni aliuita uvivu. Sisi twaona ulikuwa uwezo wa kukataa, nao si uwezo mdogo; wafanyakazi wa karne zilizofuata waliupigania kwa migomo.

Uwezo huo haukudumu. Sultani Majid alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, na bandari hii mpya ikawa mlango wa Uzaramo. Baada ya mwaka 1885 wakaja Wajerumani. Kodi ya nyumba ikaanza kutozwa mwaka 1898, na aliyechimba kwa hiari alianza kutafuta fedha kwa amri. Mwaka 1904 ikatolewa sheria ya kulinda misitu, na misitu ikaanza kuwekewa mipaka ya serikali. Lengo lililotajwa lilikuwa kuhifadhi miti. Kwa mwanakijiji maana yake ilikuwa kwamba mahali alipotafuta sandarusi, asali na kuni sasa palikuwa na mwenyewe. Wakati huo huo wachuuzi waligeukia mpira wa msituni, uliokuwa na bei ya kupanda haraka, na sandarusi ikabaki nyuma.

Huko ng'ambo nako mambo yaligeuka. Kongo ya Wabelgiji ilitoa utomvu wa namna hiyo kwa wingi mno na kwa bei ya chini. New Zealand ilikuwa na wa kwake, unaoitwa kauri. Kisha wanakemia wakamaliza kazi. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alitengeneza utomvu wa kiwandani usiohitaji mti wo wote, na hiyo ikawa plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa kemia tupu. Katika miaka ya 1920 viwanda vya magari vya Marekani vilianza kutumia rangi mpya ya kupulizwa, iliyokauka kwa saa chache, ilhali vanishi za mafuta zilifanya gari lisubiri kiwandani kwa majuma. Farasi walikwisha ondoka barabarani. Sasa na vanishi yao ikawafuata. Ndiyo kusema kwamba plastiki iliiua sandarusi sokoni, na hapa kwetu ikatwaa hata jina lake. Twakiri kwamba kila tuyaonapo yale magunia ya Mbagala hatuwezi kujizuia kufikiri hivyo.

Juma lililopita tulikwenda Keko. Wakazi wa Temeke hawahitaji kuelezwa Keko ni mahali gani: ni pahali pa maseremala, ambapo kitanda, kabati na meza ya mninga au mkongo hutoka mchana kutwa, na vumbi la randa halitulii. Tulitaka kuona vanishi inayotumika. Ni ya bati, na katika bati hilo umo utomvu wa kiwandani, nao hukolezwa kwa thina yenye harufu inayopanda kichwani tangu mlangoni. Vijana wanapaka bila kitambaa puani, kutoka asubuhi hadi magharibi. Tulimwuliza fundi mmoja, mtu wa makamo mwenye vijana sita chini yake, kwa nini hawafuniki pua. Akajibu kwamba vitambaa vipo, lakini joto la chini ya mabati halivumiliki. Jibu hilo si la kupuuzwa, wala si la kukubaliwa. Wenye karakana na maofisa wa usalama kazini wangepaswa kukaa pamoja nao hapo hapo chini ya mabati, saa nane mchana, ndipo wazungumze.

Hatusemi kwamba vanishi ya sandarusi ingewaponya. Tumekwisha eleza jinsi vyungu vyake vilivyoshika moto, na tapentaini si maji ya kunywa. Wala hatutaki kumdanganya msomaji kwamba utajiri wa karne ya 19 unangoja chini ya sakafu yake, achukue jembe. Siku za magari ya farasi zimepita, na hazitarudi kwa ajili yetu. Vanishi ya sandarusi hukauka polepole na hugeuka manjano kwa kukaa. Wanaoithamini leo ni watu wachache wa kazi maalumu: wachoraji wa rangi za mafuta, wanaotengeneza upya samani za kale, watengenezaji wa fidla na vinanda. Huko Mexico, ambako jina la kizungu la utomvu huu lilizaliwa, watu hufukiza wa kwao kama sisi tunavyofukiza ubani. Soko la namna hiyo ni dogo. Lakini dogo si sawa na hakuna.

Ili tusionekane tunaota, tutazame ile gundi ya migunga tuliyoahidi kuirudia. Yapata watu wengi wa Dar es Salaam huitumia kila siku bila kuitambua. Imo katika soda, ambako huzuia mafuta ya ladha yasijitenge na maji. Imo katika peremende, katika vidonge vya dawa, katika wino na katika mgongo wa stempu. Sehemu kubwa ya gundi hiyo duniani hutoka Sudan. Mwaka 1997 Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara, gundi iliachwa nje ya vikwazo hivyo, kwa kuwa viwanda vya vinywaji na vya dawa havikuweza kukaa bila yake. Hapo twaona tena kalamu ya Washington, safari hii ikisita. Na tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 1923, la, tusikosee, 2023, wanunuzi wamekuwa na hofu na wanatafuta mahali pengine.

Migunga ya gundi hiyo ipo nchini mwetu, katika mikoa mikavu ya kati kama Singida na Tabora. Hukusanywa na wanavijiji, wengi wao wachungaji na akina mama, kwa kilo chache chache, na kuuzwa ikiwa na magome na mchanga. Je, msomaji hasikii mwangwi? Mzigo mchafu hutoka, mzigo safi hurudi ndani ya chupa. Anayechagua, anayeosha na anayesaga kuwa unga ndiye apataye bei, naye hayuko Singida. Mambo ya kufanya hapo si ya ajabu: chekeche, turubai za kuanikia, daraja zinazofahamika, na mnunuzi anayelipa zaidi kwa iliyo safi kuliko iliyo chafu. Maana mkusanyaji akilipwa bei moja kwa zote mbili, hana sababu ya kuchagua, na hatuna haki ya kumwita mvivu kama Burton alivyofanya.

Turudi pwani, kwa msandarusi wenyewe. Misitu iliyobaki karibu na mji huu ni michache, na inajulikana kwa majina: Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, Pande upande wa kaskazini-magharibi, Vikindu kusini ya Mbagala. Ni mabaki ya misitu ya pwani iliyo ya kale sana, yenye mimea na wanyama wasiopatikana pengine duniani. Mji umeifikia. Mahali ambapo wazazi wetu walikwenda kwa basi la siku nzima, leo pana nyumba, na nyumba zataka mkaa. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaokusudia kuwafikishia watu 80 katika kila 100 nishati hiyo ifikapo mwisho wake, na taasisi kubwa zilikwisha amriwa kuacha kuni na mkaa. Ni shabaha njema. Lakini mama lishe wa Mbagala hupika leo jioni, na mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha ya mara moja, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo. Mpaka tofauti hiyo ishughulikiwe, pikipiki zitaendelea kuja.

Mchoma mkaa hachagui. Mti uliochukua miaka mingi kukua, unaoweza kutoa utomvu mwaka baada ya mwaka ukikwanguliwa kwa uangalifu, huingia katika tanuri pamoja na mingine, na kutoka humo hautofautiki. Kwa hiyo yawezekana kabisa, na jambo hili limetukera tangu tulipolifikiria, kwamba katika yale magunia yaitwayo sandarusi umo msandarusi.

Hapo Msasani, wilaya ya Kinondoni, lipo shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, lililoundwa mwaka 1979 kwa shughuli za namna hii hii: kuchukua kitu cha nchi na kuuliza kinaweza kuwa nini. Chuo Kikuu kina wanakemia, na maofisa wa misitu wanajua miti iko wapi. Kazi ya kupima chakazi ya msandarusi wa leo, kuona inavyopikika, inavyokauka juu ya mninga, na gharama yake kwa lita, si kazi ya mamilioni. Ikionekana haifai, tutakuwa tumejua. Ikifaa hata kwa karakana chache tu, basi watu wa vijiji vya kando ya misitu watakuwa na sababu ya kuuacha mti umesimama, na sababu ya fedha husikika haraka kuliko bango la onyo.

Tulipokwenda Keko tulikuwa na kipande mfukoni, ukubwa wa kidole gumba, tulichopewa na mzee mmoja wa upande wa Chanika aliyekipata alipochimba shimo la choo. Alikuwa amekiweka dirishani miaka mingi. Rangi yake ni ya asali iliyokoza, na vile vipele vimo. Tulimpa yule fundi. Akakigeuza kwenye mwanga, akakikwangua kwa ncha ya tindo, akakisuguasugua nguoni mwake, akanusa. Vijana wake wakaacha kazi wakaja kutazama. Mmoja akasema ni plastiki. Fundi akakitia katika kopo la thina, akakifunika, akatuambia turudi kesho.

Tuliporudi kilikuwa pale pale chini ya kopo. Kingo zake zilikuwa zimelainika kidogo, basi. Akakitoa kwa kijiti, akakifuta, akaturudishia, akauliza kama yuko mtu ye yote katika mji huu anayejua kukipika. Tulimwahidi kwamba tutauliza, na ndiyo sababu ya kuandika habari hizi.